Mlango wa Inspekta

Ukikutana naye njiani hakukutazama usoni. Alianza na viatu. Akishamaliza viatu alipanda mpaka magotini, akatua kidogo kwenye mikono, na usoni akafika mwisho, kama mgeni anayefika karamuni sahani zikikusanywa. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Mbeya nilidhani ana kiburi. Mwaka wa pili nikadhani ana haya. Baadaye nikajua ni vyote viwili, na juu yake ana nadharia.

"Kisigino cha kulia kikilika, huyo mtu ana haraka," aliniambia siku moja tukiwa tumesimama foleni ya sukari. "Cha kushoto kikilika, huyo ni mtu wa kusubiri. Anayesubiri huegemea mguu wa kushoto."

Nikamuuliza hayo kayatoa wapi. Akasema kayatoa kwa kutazama. Nikamwambia mimi kila likizo nasubiri basi la kwenda kwetu Iringa, mbona visigino vyangu vimelika vyote viwili.

"Wewe unasubiri kwa haraka, Mwalimu," akanijibu, na foleni ikasogea.

Viatu vyake mwenyewe havikuwa mbali na fundi. Kila baada ya miezi michache ungemkuta sokoni ameketi kwenye gogo, soksi moja nje, fundi anapigilia kipande cha mpira wa gari chini ya kiatu cha kushoto. Ukimtania juu ya nadharia yake, alikuwa na jibu tayari. Baiskeli yake haina breki, alisema, anaisimamisha kwa mguu wa kushoto, ndiyo maana. Na kweli baiskeli haikuwa na breki. Nimeshuhudia akiingia nayo kwenye uzio wa kanisa akiwa amevaa tai.

Watu wote walimwita Inspekta, na alistahili mara mbili. Mara ya kwanza kwa kazi, maana alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Alizunguka na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, kila jiwe kwenye kishimo chake, kuanzia Mbeya mpaka Igawa kwa wafanyabiashara wa mpunga, na Chunya kwa wachimba dhahabu, ambako mizani ni ndogo na uongo ni mkubwa. Mara ya pili nitaieleza.

Kazi yake aliifanya bila makelele. Kuna duka moja Chunya alikaa asubuhi nzima akinywa chai na mwenye duka, wakizungumza habari za mvua ambayo haikunyesha. Alipoinuka kuaga akasema, "Bwana, una wageni kwenye mizani." Mwenye duka akatazama. Sisimizi walikuwa wamejipanga wanapanda mguu wa mizani mpaka chini ya sahani, na chini ya sahani palikuwa na donge la nta lenye asali kidogo. Inspekta alisema sisimizi hawapandi chuma bila sababu. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Aliibandua nta, akaiweka kwenye karatasi, akaandika alichopaswa kuandika, akamaliza chai yake.

Huyohuyo aliyewaona sisimizi wa Chunya, nyumbani kwake aliibiwa mchana kweupe. Mama aliyemletea maziwa alitia maji mpaka maziwa yakawa ya buluu. Nilimwambia, mimi ndiye jirani yake, nyumba zetu ziligawana ukuta na harufu za jikoni. "Najua," akasema. "Ameanza tangu mumewe aumie." Aliendelea kuyanywa hayo maji meupe miaka yote niliyomfahamu, na kila asubuhi alimshukuru yule mama kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kama vile kapewa ng'ombe mzima.

Alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu wa upelelezi, nayo ni kwamba hakuweza kuuliza swali. Namaanisha swali la moja kwa moja. Akitaka kuazima chumvi, alikuja akaketi, akauliza habari za wanafunzi, akasifu ukuta wangu, akaeleza jinsi watu wa pembeni ya ziwa Nyasa wanavyokausha samaki, akagusia kwamba samaki hao hukauka vizuri zaidi wakitiwa kitu fulani. Hapo nilikuwa nimeshafika jikoni na nimeshachota. Mimi ni Mhehe. Kwetu mtu akitaka chumvi anasema chumvi. Nilimwambia hivyo mara nyingi, naye alicheka, na kesho yake akaja kuazima kiberiti kwa njia ya kunisimulia moto uliotokea Tukuyu zamani.

Sasa mara ya pili. Ujana wake alikwenda kufanya kazi migodini upande wa Zambia, kama vijana wengi wa Rungwe walivyofanya enzi zile. Huko, katika mji wa Kitwe, palikuwa na duka lililoweka televisheni dirishani. Jumapili jioni watu walisimama barabarani wakaitazama kupitia kioo. Ilikuwepo hadithi ya mpelelezi mmoja mwenye koti refu, na mwanamke aliyempenda mpelelezi huyo, na kila wiki kesi mpya. Inspekta aliifuata miezi na miezi. Hakusikia neno hata moja, kwa sababu kioo kilikuwa kinene na sauti ilibaki dukani kwa wenye duka.

"Alikuwa anasema nini?" nilimuuliza.

"Sijui. Nilikuwa namjazia."

Aliporudi nyumbani alirudi na koti refu la mvua na maneno yote aliyokuwa akimjazia. Sisi Mbeya wakati huo televisheni tuliijua kwa jina tu. Akaanzisha mchezo wa kuigiza. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, ukumbi wa mtaa ulijaa. Yeye alikuwa Inspekta, na koti lile katika baridi ya Juni hakuna aliyelishangaa. Kesi zilikuwa za kwetu: kengele ya kanisa imeibiwa, kahawa imepungua ghalani, barua ya mtu imefunguliwa kwa mvuke wa birika. Watu walimtaja mwizi kwa sauti kabla yeye hajamaliza kutazama viatu. Mimi nilikuwa mkumbushaji. Nilikaa nyuma ya pazia na karatasi, mtu akisahau maneno yake namnong'oneza. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu nina sauti inayopenya na sina aibu.

Mwanamke wa kwenye kioo alihitaji mtu wa kumwigiza, na aliyepatikana ni Atuganile. Alikuwa muuguzi wa zahanati, msichana wa Rungwe kama yeye, mwenye kicheko kilichoanza kabla ya kichekesho. Kwenye mchezo aliitwa Rehema, na Rehema alikuwa daima yuko karibu kuolewa na Inspekta. Kila walipokaribia, filimbi ilipulizwa nje, kesi imetokea. Ukumbi mzima uliguna. Akina mama wa sokoni walimsimamisha Inspekta barabarani wakamwambia, hebu mwoe kwanza, mwizi atasubiri.

Nami nilikaa pembeni na karatasi zangu nikayaona ya wenzangu. Mtu huyu ambaye usoni kwa watu alifika mwisho, kwa Atuganile alianza na uso. Nilimwona akiingia jukwaani na macho yanakwenda moja kwa moja. Viatu vyake sidhani kama aliwahi kuvitazama. Alimpenda, na nilijua, na kwa kuwa ni Mhehe nilimwambia kesho yake.

"Inspekta, mwambie."

Akanieleza habari za mpunga wa Usangu kwa nusu saa.

Mchezo wa mwisho ulikuwa kwenye kituo cha mabasi. Inspekta ametumwa kumfukuza mwizi mpaka mpakani, Rehema amemsindikiza. Inspekta anamgeukia, anauliza, "Utanisubiri?" Hapo tulishusha pazia. Jibu lingekuja mwezi unaofuata, na watu waliondoka wakibishana mpaka sokoni. Lakini mwezi uliofuata haukuja. Nilikuwa likizo kwa mama yangu Iringa. Niliporudi nikaambiwa Atuganile anaolewa na bwana misitu mmoja, anahamia Iringa. Inspekta akasema mchezo umekwisha, akalitundika koti nyuma ya mlango wa chumba chake. Nilidhani wamegombana. Nilidhani pia amestahili, kwa kutosema, na nilimwambia hivyo, jambo ambalo leo linanichoma.

Miaka ikapita. Reli ikafika Mbeya, watu wakahamia vijiji vipya, sabuni ikawa kitu cha kuulizia. Lakini sokoni bado ungesikia mama mmoja akimpigia kelele Inspekta: "Bwana, Rehema amejibu?" Naye aliinua kofia akapita.

Halafu akaja dereva wa lori. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya tatu, anakwenda Zambia na kurudi, na siku moja tulikuwa tunakunywa chai uani kwangu, sisi watatu. Akamtazama Inspekta akakumbuka jambo.

"Mzee, yule mpelelezi wenu wa kwenye kioo karudi. Nimemwona kule, kwa jamaa mwenye televisheni. Miaka yote hiyo hayupo, sasa wamemtengenezea sinema moja ndefu ya kurudi. Kazeeka, koti lilelile. Na yule mwanamke wake wa zamani naye karudi."

Inspekta akaweka kikombe chini. "Akasemaje?"

Nilishtuka, kwa maana hilo lilikuwa swali, na lilikuwa la moja kwa moja.

"Nani, mpelelezi?"

"Mwanamke."

Dereva akakuna kichwa. "Mwisho sikuuona, mzee. Tulikuwa tunapakia."

Hakulala vizuri, naamini, kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Haikupita wiki akaniletea karatasi. Ilikuwa Rehema na Inspekta baada ya miaka mingi. Inspekta amerudi kutoka mpakani, amezeeka, anakwenda nyumbani kwa Rehema. Anabisha hodi. Rehema yuko ndani, mlango umefungwa, na wanazungumza mlango ukiwa katikati, kurasa sita nzima. Mwisho Inspekta anauliza, "Ulinisubiri?" Rehema anajibu, "Nilikusubiri mpaka kituo kikafungwa." Inspekta anasema, "Basi, kesi imefungwa," anaondoka. Mlango haufunguliwi.

"Mlango haufunguliwi?" nikasema. "Watu wamesubiri miaka yote hii uwaoneshe mlango?"

"Mlango ubaki," akasema. "Na aje yeye mwenyewe Atuganile. Mwingine hapana. Nataka lile swali lijibiwe, Mwalimu, swali moja tu, na ajibu yeye." Akaniomba niende kumwita, kwa sababu likizo ilikuwa inakaribia na kwetu ni huko Iringa. Aliniomba kwa sentensi moja. Ndipo nilipojua jambo hili kwake si mchezo.

Nilimkuta Atuganile mtaa wa Mlandege, nyumba yenye ua wa michongoma, mtoto mmoja mgongoni na mwingine anajifunza kuandika ukutani kwa mkaa. Alinisalimia "kamwene" kwa Kihehe safi kuliko changu, akacheka kabla sijasema kitu. Mumewe alikuwepo, mtu mpole mwenye udongo kwenye buti. Nilipoeleza nilichofuata, alimtazama mkewe akasema kama mkewe anataka, yeye hana kinyongo, hata yeye aliupenda ule mchezo, ndiko alikomwona mkewe mara ya kwanza.

Atuganile akachukua karatasi, akazisoma zote amesimama.

"Ameandika huyo bwana mwenyewe?"

"Inspekta? Ndiyo."

Niligundua hakumtaja. Alisema "huyo bwana", alisema "huko", alisema "wao". Nikafikiri, bado ana hasira naye.

"Nitakuja," akasema. "Siku ileile ya mchezo, na basi la asubuhi. Mlango upo?"

"Upo, umeandikwa hapo."

"Usisahau mlango, Mwalimu. Mimi maneno nitayajua, we usiogope. Lakini mlango uwepo." Aliniangalia kana kwamba tumeelewana jambo. Nikamwambia mlango utakuwepo, na nikaona kwamba wote wawili wamekuwa waoga kwa uzee.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Akina mama wa sokoni walifunga biashara mapema. Tulikuwa tumeazima mlango wa mbao wa nyumba ya mwalimu iliyokuwa inajengwa, pamoja na fremu yake, fundi akausimamisha katikati ya jukwaa kwa vigingi. Nikaenda kukaa kwenye mabenchi ya kushoto kuangalia. Kutoka kule huoni kitu isipokuwa mbao. Theluthi ya watu wangetazama mlango mchezo mzima. Watu wenyewe wakaanza kulalamika. Nami moyoni nilikuwa nimeshachoka na woga wa watu wawili wazima. Nilisema, hawa wakikutana uso kwa uso yatatoka yanayotakiwa kutoka, na ukumbi utafurahi, na mtu huyu atapata alichokikosa kwa kukosa ulimi. Inspekta alikuwa chumba cha nyuma anavaa koti. Atuganile alikuwa ameshuka kwenye basi na kuingizwa chumba cha upande wa pili, wala hawajaonana. Nikamwambia fundi auondoe mlango. Tukaweka kiti.

Pazia likafunguka. Inspekta akaingia kutoka kulia, mkono umeinuliwa kubisha. Atuganile akaingia kutoka kushoto. Katikati hapakuwa na kitu.

Nilimwona Inspekta akianza na uso, kama zamani. Nusu ya pumzi, si zaidi. Kisha akageuka, kwa nguvu kiasi kwamba koti lilimzunguka, akaupa ukumbi ubavu na ukuta akaupa uso. Na Atuganile alikuwa ameshashuka chini amechuchumaa, ameivuta kanga ya kichwani mpaka imemfunika uso wote, mgongo wake kwa Inspekta. Ukumbi ukanyamaza. Ulikuwa ukimya wa ajabu, kwa sababu nusu yake ulikuwa wa watu wasioelewa, na nusu nyingine ulikuwa wa wazee wa Rungwe walioinamisha vichwa.

Mimi nilikuwa wa nusu ya kwanza. Nilidhani wamesahau maneno. Nikaanza kunong'oneza. Nikanong'oneza tena, kwa ile sauti yangu inayopenya, mpaka benchi la mbele likanisikia, na mama mmoja akasema, "Nyamaza, dada."

Inspekta ndiye aliyesema kwanza. Aliuambia ukuta. Aliruka kurasa zote sita.

"Sikuja kukamata mtu. Nina swali moja. Ulinisubiri?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. Jibu lilikuwa pale kwa mwandiko wa Inspekta. Kutoka chini ya kanga ikatoka sauti ya Atuganile, na haikuwa na kicheko hata chembe.

"Nilisubiri. Siku ulipobisha hodi, ukawa umebeba maneno ya mtu mwingine."

Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Wala jibu la Inspekta halikuwepo. Mabega yakajikusanya ndani ya koti. Kisha akasema, "Kosa ni la mpelelezi," akatoka kulia, uso ukiwa bado ukutani, bila kugeuka. Watu wakapiga makofi na miguu. Walidhani ndivyo ilivyotungwa, na wengi mpaka leo wanasema haukuwahi kuchezwa mchezo mzuri kama ule.

Aliyenieleza ni mama muuza chai wa ukumbini, mtu wa Tukuyu. Alinikuta nimesimama uani na karatasi zangu.

"Umetoa ule mlango kwa nini, Mwalimu?"

"Watu wa kushoto walikuwa hawaoni."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. "Yule ni mkwe wake. Bwana wa Atuganile ni mtoto wa kaka mkubwa wa Inspekta. Kwetu mke wa mwanao haonani na wewe, wala jina lako hataji. Anakuogopa, na wewe unampisha. Siku hizi wa mjini wengine wanasalimiana, lakini hawa ni watu wa zamani. Na huyu Inspekta ndiye alitumwa kuposa. Kijana aliona mchezo, akampenda, ukoo ukasema baba mdogo yuko hukohuko Mbeya, anamfahamu binti, aende yeye."

"Akaenda?"

"Utakataaje mtoto wa kaka yako? Akaenda kubisha hodi. Binti alivyomwona mlangoni alifurahi sana, wanasema. Alidhani amekuja kwa ajili yake mwenyewe. Basi akasikia habari ya kijana. Akanyamaza siku tatu, akakubali."

Nilikaa kwenye ngazi. Sijui kama nimewahi kujionea aibu kiasi kile. Yule mtu alitafuta mlango mmoja duniani ambao angeweza kusimama nyuma yake akasikia jibu, bila kumvunjia heshima mtu yeyote, kaka wala mtoto wala binti. Aliupata, akauandika, akauagiza. Nami nikauondoa kwa sababu ya mabenchi.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikakuta ameshakwenda Chunya kikazi. Aliporudi, mimi nilikuwa nimehamishiwa shule nyingine, na mwaka haukuisha akastaafu. Nilisikia amechukua shamba la mpunga Usangu na kwamba anapimia watu mchele Igawa, kando ya barabara kuu.

Likizo moja nilipokuwa nikirudi Mbeya, Atuganile alikuwa kwenye basi lilelile, akienda na watoto wake wawili Rungwe kuwaona wazee. Tulikaa pamoja tangu Iringa. Hatukuizungumza ile siku mpaka Makambako, hapo nikamwambia, "Nilikosea kuhusu mlango."

"Ulikosea," akasema. Akamfunga mtoto vifungo vya sweta. "Lakini na mimi nilisema. Mlango ungekuwepo, labda ningejibu ya kwenye karatasi."

Basi likasimama Igawa watu wanunue vitunguu. Nikashuka, na nilimwona kabla hajaniona. Mizani imening'inia kwenye mti wa kujitengenezea, Inspekta amesimama kando yake na kofia ileile, anampimia mchele Msukuma mmoja mfugaji mwenye fimbo begani. Alianza na viatu vyangu, akafika usoni, akatabasamu.

"Bado unasubiri kwa haraka, Mwalimu."

Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ile, moja kwa moja, kama Mhehe. Alisikiliza mikono ikiwa kwenye mizani. Aliponijibu hakunizungusha.

"Kwa mila, kanga ingetosha," akasema. "Yeye angejifunika, mimi ningegeuka, tungesema. Mlango niliuweka nipate kulia."

Msukuma akatazama pembeni kwa adabu, kisha akakumbuka mchele wake. "Mzee, tumalizie basi, ng'ombe wananingoja."

Hapo Inspekta akageuka ghafla, akaipa barabara mgongo. Nikajua. Nikatazama nyuma, Atuganile alikuwa ameshuka kumnyoosha mtoto miguu, na alipomwona aliye kwenye mizani alikuwa ameshapiga goti kando ya basi, ametupa mgongo, kanga usoni. Akaniita kwa mkono. Nikaenda.

"Mwambie nimemsalimu," akasema chini ya kanga. "Mwambie watoto wazima. Na baba yao mzima."

Nikarudi nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, bado ameitazama Usangu yote ile mbele yake. Akazigusa kamba za mizani kana kwamba zimelegea. Nilidhani ataanza kunieleza habari za mpunga.

"Amevaa viatu gani?" akauliza.

Nikatazama. Kutoka pale viatu vilionekana vizuri, maana amepiga goti na nyayo ziko nyuma.

"Vyeusi. Vya kufunga na kamba."

"Visigino?"

Nilitaka kumdanganya, na sikujua uongo upi ungekuwa wa huruma. Basi nikasema nilichokiona.

"Viko sawa. Kulia na kushoto, sawasawa."

"Sawasawa?"

"Kama mizani yako."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua gunia. "Ndaga," akasema. "Ndaga fijo." Akamtikisia Msukuma mchele wake mpaka sahani ikatulia, akaongeza kiganja kimoja juu, akaufunga.

Dereva alikuwa ameshapiga honi. Nilipoinama kuchukua vitunguu vyangu nikaona viatu vyake yeye, ambavyo hakuna aliyekuwa akivitazama. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika mpaka misumari inaonekana. Baiskeli alikuwa ameiuza siku alipostaafu.